Pini Iliyolika Upande Mmoja

Tarehe tatu Novemba, Jumatatu, manyunyu tangu alfajiri. Ndiyo siku niliyoanza kazi katika karakana ya maji, Ngara, miaka ile kambi za wakimbizi zimejaa. Nilikuwa mkereza vyuma wa darasa la saba. Sikujua kama nilistahili, na hata leo sina hakika.

Mkuu wa Karakana alinikabidhi kalipa, kile kipimo kinachobana chuma na kukuambia unene wake. "Pima pampu ya mkono, kipande kwa kipande. Injinia anaitaka ndani ya kompyuta."

Injinia wa Maji, kijana kutoka Dar, alikuwa na programu ya kuonyesha mashine ikitembea kwenye kioo. Kila kipande unakichora peke yake, unakipa uzito wake, kisha unaeleza kimeungana na kipi na kina ruhusa ya kwenda wapi. Mpini wa pampu aliupa ruhusa moja tu: juu na chini.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Pampu moja ya kambini ilikuwa inakata pini, kile chuma kinachoushikilia mpini, kila mara, na lawama zilimwangukia mlinzi wake, Mama Seveliana, mkimbizi kutoka Burundi. Eti anaacha watoto wabembee kwenye mpini. Posho ya kazi ile ndiyo iliyolisha wajukuu wake.

Kompyuta ilichezesha mpini nusu siku. Pini nzima.

"Basi si pampu," Mkuu akasema. "Ijumaa huyu mama aondoke."

Nikakosa raha. Nilikuwa nimepima pini mpya ya stoo, kwa kuwa iliyovunjika ilijaa grisi, nami nilitaka vipimo visafi. Kosa hilo ni langu, si la Injinia. Alhamisi nikaenda kambini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kuangalia."

Wanawake wawili walishika mpini, mmoja kila upande, wakisukuma kwa mwendo mmoja kama wanatwanga muhogo. Mpini ukawa unayumba kushoto, kulia.

"Na watoto wanaobembea?" nikauliza.

"Muulize bosi wako alichota maji lini mara ya mwisho!" Mama akajibu, na foleni nzima ikacheka.

Nilirudi karakanani, nikaifuta grisi ile pini iliyovunjika. Ilikuwa imelika upande mmoja.

"Injinia, nilikupa vipimo vya pini ambayo haijachota hata ndoo moja."

Akanitazama. "Fundi Pastori! Siku zangu tatu!" Kisha akanyoosha mkono. "Haya, lete."

Tukaweka ulegevu wa kweli kati ya pini na bushi, ile pete inayoishika, na mpini ukapewa ruhusa ya kuyumba. Mzigo wote ukakimbilia ukingo mmoja, pale pale ilipolika pini yangu. Mkuu akainamia kioo, akavua kofia.

"Kereza bushi ndefu," akasema. "Mama abaki."

Nikaikereza mara mbili ya urefu wa zamani. Pini haikukatika tena. Jina langu liliingia kwenye ripoti, ingawa haki ni kusema hesabu zote zilikuwa za Injinia. Mkuu naye alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Mama Seveliana akamwonyesha mpini: "Anza na ndoo mbili, bosi." Mkuu akazijaza.

Sasa nimestaafu. Vijana mnachora haraka kuliko nilivyoweza kupima, na sijui kama ninalo la kuwafundisha, ila hili: pimeni kilichochakaa. Kambi ilipofungwa, pampu ile ililetwa kwetu Murusagamba. Jioni hii tumekula ndizi na maharage, yamepikwa kwa maji yake.