Mshenga wa Kazi

Kupika chakula cha mtu mmoja ni adhabu. Unaweka kikombe kimoja cha mchele, unakata nusu kitunguu, na nusu nyingine inakukodolea macho kwenye friji mpaka inyauke. Mimi nilikulia Buyenzi, Bujumbura, ambako nilipika kwenye harusi na matanga, sufuria za kukorogwa kwa mwiko mrefu kama mchi. Hapa Brussels, baada ya mume wangu kufariki na binti yangu kuolewa mji mwingine, nilibaki na kisufuria kimoja chenye mpini uliolegea. Nilikuwa nikiishi kwa msaada wa komine, yaani serikali ya mtaa, na sikuona haya kuupokea, maana sikuuiba. Ila nilichoka. Nilitaka sufuria kubwa.

Kwa hiyo mshauri wangu wa ofisi ya msaada aliponiambia kwamba sasa ni lazima nionyeshe kuwa natafuta kazi, la sivyo msaada utaangaliwa upya, yeye alitegemea ninung'unike. Nilimwambia alichelewa kusema.

Akanipeleka kwenye mafunzo ya kutafuta kazi. Hapo ndipo tulipokosana kidogo. Mwalimu, binti mpole wa Kibelgiji mwenye soksi za rangi mbili, alitaka kila mtu asimame na kutaja sifa zake tatu. Sifa zangu! Sisi tumefundishwa kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanamke anayesimama mbele za watu akisema yeye ni hodari, Buyenzi wangemcheka mpaka kwenye vyungu vyake. Nikamjibu awaulize majirani zangu. Akaniuliza basi kasoro zangu, na hapo nilijisikia nyumbani: ulimi mkali, wivu wa jiko, kusinzia baada ya swala ya alfajiri, kutoamini mtu mwingine kuweka chumvi. Nilikuwa bado naendelea alipoweka kalamu chini.

Hata hivyo mshauri alinitafutia nafasi. Hapa kuna kazi ambazo komine yenyewe inakulipa mshahara kwa muda, na huitwa kwa namba ya kifungu cha sheria, ili ujifunze kazi na upate haki zako za baadaye, na mwenye kazi akikupenda akubakize. Nafasi yangu ilikuwa jikoni, kwenye nyumba ya wazee kule Auderghem, karibu na msitu. Lakini mkurugenzi wa nyumba ile alitaka kwanza tuonane. Nilipita nje siku moja kabla, nikasikia harufu ya supu ya liki, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu, na kupitia dirishani nikaiona sufuria yenyewe. Nilirudi nyumbani moyo ukinidunda kama wa mwari anayeposwa.

Ndipo nikafanya kile ambacho mtu wa kwetu angefanya. Jambo kubwa la maisha yako hulisemi mwenyewe. Posa yangu ilisemwa na mshenga, mahari yangu yalisemwa na wajomba, mimi nilikuwa chumba cha pili nikiangalia mkeka. Nikaenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini, kwenye galeri ya maduka, kwa rafiki yangu msusi, mama wa Kikongo kutoka Bukavu ambaye akisema kitu, hata kikaushio cha nywele hunyamaza. Nilimuuguza miezi mingi alipovunjika nyonga, akala chakula changu akanenepa. Nikamweleza shida yangu. Hakuona ajabu yoyote.

"Weye kupika unajua, kujisifu haujue," akaniambia. "Donc, basi, tutaenda sisi wote mbili."

Tukaenda. Yeye alivaa kitenge cha sikukuu na kilemba kilichogusa juu ya mlango wa basi. Mkurugenzi, mama mtu mzima mwenye miwani kifuani, alishangaa kuona watu wawili, akadhani mwenzangu ni mkalimani, akaongeza kiti. Mshenga wangu alikaa, akakubali kahawa, akauliza habari za nyumba, habari za wazee, habari za watoto wa mkurugenzi. Baada ya hapo ndipo akaanza kunisema, kwa Kifaransa kilichonyooka. Alisema nilivyomlisha kitandani. Alisema mwanamke huyu supu yake imeinua mtu aliyekwisha kuandika wosia, jambo ambalo si kweli, wosia hakuandika. Kisha akaweka masharti, kama mshenga yeyote: nyama ya nguruwe hataigusa wala kuionja, waigawie mwingine, na asifokewe mbele za watu. Mimi mwenyewe nisingethubutu kuyasema hayo. Nilikaa nikiangalia mapaja yangu, nimeridhika kabisa. Mambo yalikuwa yanakwenda kwa heshima.

Mkurugenzi akanigeukia, akaniuliza kama mimi mwenyewe naitaka kazi hii.

Nikanyamaza. Kwetu mwari akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndicho kukubali kwake. Anayejibu haraka ana mambo. Nikainamisha kichwa vizuri, kama nilivyofundishwa na shangazi zangu.

Mkurugenzi akafunga faili. Akasema, kwa upole, kwamba ofisi humletea watu wengi waliosukumwa, wanaoogopa kukatiwa msaada, na yeye hapendi kumweka jikoni mtu asiyetaka. Haoni ubaya, akasema, tutaachana kwa amani.

Msusi wangu alinifinya paja, na yeye ambaye hajawahi kukosa neno akasema moja tu, kwa sauti ndogo.

"Sema."

Nikainua macho. "Naitaka," nikamwambia mkurugenzi. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Naitaka kazi hii. Mimi najua kupika kwa sufuria kubwa, na watu wakila hunirudishia sahani niwaongezee."

Uso uliniwaka kwa aibu, na nilikuwa na furaha sana. Mkurugenzi akafungua tena faili, akaniuliza naweza kuanza lini.

Kwenye kituo cha basi mshenga wangu alinuna. "Kumbe mudomo unao. Sasa mimi nilikuya kufanya nini?" Nikamwambia kama asingekaa pale kando yangu, mdomo wenyewe usingefunguka. Alikubali jibu hilo baada ya kituo cha tatu, kwa sharti la sahani ya pilau.

Nimewazoea wazee wangu. Yupo mmoja anayekula kijiko cha kwanza akiwa amefumba macho, na mwingine anayelalamika kila siku kwamba natia pilipili, ilhali situmii. Muda uliolipiwa na komine ulipokwisha, mkurugenzi aliniita ofisini kuniuliza kama ningependa kubaki. Safari hii nilikwenda peke yangu, na sikumwacha amalize swali.