Kahawa ya Mama Mkwe

Watu wa mji huu wanajidai kujua kahawa. Hawajui kitu. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, malori ya kahawa kutoka Banalia yalipita mbele ya nyumba yangu hapa Kisangani yakienda bandarini, yakatuachia vumbi. Sisi makarani tukajifuta vumbi hilo, kisha tukaenda dukani kwa Mreno kununua kahawa hiyohiyo, imekwisha kukaangwa, ndani ya mfuko wa karatasi wenye picha ya bibi wa Kizungu anayecheka. Alikuwa anatucheka sisi.

Mimi nilikuwa mteja mwaminifu kuliko wote. Nilikuwa nimesoma sekondari kwa mapadri, nilikuwa na tai, na nilikuwa na kiti cha kamba barazani nilichokipenda kuliko kutembea. Jioni wenzangu walikwenda kwenye chama chao kujadili maendeleo. Mimi nilingoja maendeleo yanikute nimekaa. Nilikunywa kahawa yangu, rangi yake kama mto baada ya mvua, nikasema ni tamu, kwa kuwa Wazungu nao walisema hivyo.

Mke wangu alipokaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alikuja kutoka Ubundu. Alishuka gari-moshi, akavuka mto, akaingia uani kwangu na kikapu kichwani bila kunitazama. Hiyo haikuwa chuki. Kwa desturi yao, mama mkwe haonani uso kwa uso na mume wa binti yake, wala hali chakula nyumbani kwake. Chakula chake kilipikwa kwa jirani. Yeye aliketi nyuma ya mkeka tuliouning'iniza mlangoni, na maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu, ingawa tulisikiana mpaka pumzi.

Kitu kimoja tu kiliruhusiwa kuvuka ule mkeka: kahawa. Kahawa si chakula. Kwa hiyo kwao mkwe hupimwa kwa kahawa, kana kwamba hana sifa nyingine. Kwa upande wangu hawakukosea sana.

Mama mkwe akiridhika, binti yake angezaa hapa, naye angebaki kumtunza. Asiporidhika, wangeondoka wote wawili, na mke wangu asingerudi mpaka mtoto aanze kutembea. Nami sikujua kuchemsha hata ndizi. Nilimpenda mke wangu, sisemi hapana, lakini nilipenda pia kukuta pondu, yaani kisamvu, iko mezani.

Nikapeleka kahawa ya Mreno katika kikombe chetu cha wageni. Halafu nikasikia kitu kikimwagwa dirishani, kwenye shina la mgomba.

"Mwambie bwana yako," sauti ilisema nyuma ya mkeka, "mugomba yake imeshiba maji. Mimi niliomba kahawa."

"Mama anashukuru," mke wangu aliniambia. Alikuwa mkalimani mwenye huruma.

"Mwambie tena, gari-moshi inaondoka Jumamosi."

Hilo hakuweza kulipamba.

Kwao kahawa hukaangwa mpaka iwe nyeusi kama tako la sufuria, ikatwangwa pamoja na tangawizi. Mtu mwenye akili angekwenda sokoni kununua kahawa mbichi. Lakini kahawa mbichi ilikuwa kitu cha vibarua, na karani kuonekana nayo mkononi, hapana, afadhali kuonekana bila suruali. Nikaamua kuikaanga upya ile ya mfuko. Hivyo ndivyo shule inavyomsaidia mtu.

Asubuhi nikawasha makaa kwenye jiko la mbabula, nikamwaga punje zote ndani ya sufuria. Kahawa mbichi ukiikaanga hulia pa, pa, ukajua imefika wapi. Hii haikulia. Ilikwisha kulia kwa Mreno. Ilikaa tu, ikang'aa mafuta, halafu ghafla ikatoa moshi, kama mtu mpole aliyechoka kutukanwa.

Jirani yetu, mvuvi wa kule kwenye maporomoko, akaja kuegemea ua.

"Papa karani, unakaanga viatu?"

Nilimjibu kwamba namaliza kazi ambayo Wazungu waliiacha nusu.

"Bon. Lakini kitu iliisha kuiva, ukiirudisha kwa moto, si unaunguza tu?"

Nikamweleza habari za joto kama padri alivyotufundisha, yaani vibaya. Akasema samaki ukimkausha mara mbili anabaki jina. Nikamshauri arudi kwa samaki wake. Alikuwa na haki kabisa, na mpaka leo sijamsamehe.

Punje zikawa nyeusi, nyepesi kama makapi. Nikazitwanga na tangawizi, nikachemsha, nikaonja. Ladha yake ilikuwa ya paa la nyasi lililoungua kisha likanyeshewa. Nikaipeleka hivyohivyo, maana mfuko ulikuwa umekwisha.

Jirani hakuondoka, alitaka kuona mgomba ukinyweshwa tena. Badala yake tukasikia mtu akivuta kahawa kwa midomo, polepole, kisha akivuta tena.

"Mwambie bwana yako, hii sasa iko kahawa. Inauma." Kikombe kikatokea chini ya mkeka, kitupu. "Aongeze. Na hiyo gari-moshi, iende."

Nikamtazama jirani. Jirani akatazama mawingu.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe kwao mwenyeji hunywa birika moja na mgeni wake, na mama mkwe, kwa kuwa hakuweza kunitazama, alinisikiliza. "Simusikie akinywa," alimwambia binti yake kila nilipochelewa. Nikanywa. Kila mfuko nilioununua niliukaanga upya, nguo zangu zikanuka kama tanuru, na pale ofisini wakaniuliza kama nyumba yangu imeungua.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mnene. Akaketi, akatambaa, akasimama kwa kushika mkeka. Bibi yake hakutaja tena Ubundu. Siku mtoto alipotembea, alitoka nyuma ya mkeka, akapita barazani na kushika mguu wa kiti changu. Nikamwinua, moyo umejaa, nikafungua mdomo niseme neno la baba.

"Mwambie baba ya mutoto," sauti ikasema, "makaa inapoa."

Nikainuka kitini.