Watoto wa Jua na Watoto wa Mvua

Mwaka wa 1954 jua liliunguza mashamba yote ya Mutarule, bondeni, na nyumbani kwa Thaddée kikabaki kikapu kimoja cha maharagwe ya mbegu. Ama wayapike, ama ampeleke mkewe Concilie na watoto juu Mulenge, kwa wakwe zake. Lakini kama mlimani nako kulikuwa na njaa, watoto wasingekuwa na nguvu za kushuka tena.

Jirani yake Basile, mwalimu wa katekisimu, akamtuliza. "Huku mwaka mmoja kati ya minne unaharibika. Kule vilevile. Yote mawili pamoja ni mmoja kati ya kumi na sita. Weye panda mlima tu."

"Hiyo ni kama mlima na bonde havijuani," akasema Thaddée. "Kama mbingu ni moja, mwaka ukiharibika huku umeharibika na kule. Basi ni mmoja kati ya minne uleule, na ndio huu."

Basile akakuna kidevu. "Hapo hesabu yangu iko na tundu."

Aliyeliziba ni shangazi Nkeshimana, mzaliwa wa Mulenge aliyeolewa Mutarule. Enzi zile mtoto wa mwaka wa njaa aliitwa kwa njaa yake: bondeni, ambako jua huua, mtoto wa jua; mlimani, ambako maharagwe huoza, mtoto wa mvua. Leo watoto hupewa jina kutoka kalenda ya watakatifu, na hakuna ajuaye alizaliwa watu wakila nini.

"Sévère wa hapa ni wa jua," shangazi akasema. "Placide wa kule ni wa mvua. Ni marika hao? Sévère akinyonya, Placide alikuwa anachunga ndama. Louise wa jua, Étienne wa mvua: ni marika? Wote nawajua. Sijaona wa jua na wa mvua walionyonya mwaka mmoja."

"Hata mmoja?" akauliza Thaddée.

"Unabisha, kawahesabu meno. Placide yamebaki mawili."

"Kumbe huku na kule pamoja ni hakuna," akasema Basile.

"Hakuna mpaka leo. Kesho ni ya Mungu."

Wakapanda mlima, mbegu wakaziacha nyumbani. Kabla hawajaona nyumba, walisikia harufu ya maharagwe yanayochemka. Concilie akakaa chini njiani, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Mumekawia," shemeji Évariste akasema. "Tuliona bonde limekauka, tukapika na ya kwenu."

Siku hizi watu wa mlima na wa bonde hawaoani tena, kila upande unazijua njaa zake tu. Lakini mwaka ule, mvua ilipoanza, Thaddée alishuka akakikuta kikapu cha mbegu bado kimejaa.