Alama za Uongo kwa Mkahawa wa Ghorofani

Waliomfahamu kwa karibu walimwita Mtafsiri, kwa sababu ndiyo kazi yake. Wale mia mbili na ushei waliomfahamu kwenye simu tu walimwita Bwana Soketi, na jina hilo alilipata kwa haki. Mtu mwingine akiingia mkahawani hutazama keki kwenye kabati la kioo, au hutazama nani yupo. Yeye aliinama. Alikagua kuta usawa wa goti, meza baada ya meza, kama mtu aliyedondosha pete, na akishayaona matundu ya umeme ndipo alipokumbuka kusalimia watu.

Alitafsiri vitabu vya maelekezo: mashine za kufulia, pasi, friji, vifaa vya kupimia presha nyumbani. Usitumbukize kifaa hiki kwenye maji. Usimwache mtoto peke yake karibu na kifaa hiki. Wengi huidharau kazi ya namna hiyo, lakini yeye aliipenda kwa dhati. Alisema hakuna mwandishi anayesomwa kwa makini kama yeye, maana wasomaji wake wameshika waya mkononi.

Kampuni iliyompa kazi ilikuwa mbali na haikuwa na ofisi ya kumkalisha. Nyumbani nako hapakuwa pa kukalika. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo ilikuwa karakana yake. Cherehani ikianza kukimbia, meza ya Mtafsiri ilitetemeka na herufi zikacheza. Akija mwanamke kupimwa gauni, Mtafsiri alitolewa nje, akasimama kwenye korido na kompyuta imefunguliwa juu ya kiganja kama mhudumu mwenye sinia. Siku alipotolewa mara tisa, mkewe alimshika bega.

"Baba watoto, nakupenda. Lakini mchana nakupenda zaidi ukiwa nje."

Basi akaanza kuzunguka jiji. Jamani, msidhani ni starehe. Kuna mkahawa uliokuwa na viti vya kuzama, ukikaa magoti yanafika kidevuni na kompyuta inabaki huko juu. Kuna uliokuwa na mhudumu aliyefuta meza kila baada ya dakika kumi, akiinua mkono wa mteja na kuuweka chini tena kama anafuta vumbi la kabati. Kuna ambao ufunguo wa choo ulifungwa kwenye mwiko mkubwa na kuwekwa kwa mtunza fedha, mama wa sauti nzito, na kila aliyeuomba aliulizwa mbele ya kadamnasi, "Utakaa sana?" Mtafsiri alivumilia mengi, lakini hilo hapana.

Kutokana na mateso hayo alianzisha kundi kwenye simu, akaliita Kiti na Umeme. Kila mkahawa ulipewa alama katika mambo matano: kiti, umeme, mtandao, utulivu na choo. Kumi kwa kila jambo, hamsini kwa jumla. Sheria aliitunga mwenyewe na kuibandika juu kabisa: Hakuna kumsifia ndugu, hakuna kumchafua adui. Watu wanaofanya kazi kwenye kompyuta zao, wahasibu, wachoraji, walimu wa masomo ya mbali, walijiunga mmoja mmoja hadi wakawa umati, na neno la Bwana Soketi likawa ndiyo mwisho wa mabishano. Akisema kiti kinauma, hakuna aliyekwenda kukijaribu.

Siku moja alipeleka miwani yake kutengenezwa, na alipokuwa akisubiri fundi wa miwani akasikia harufu ya kahawa ikishuka kutoka juu. Pembeni mwa duka kulikuwa na ngazi nyembamba. Kibao cha mkahawa kilikuwepo, ila kilifichwa nusu na sanduku la kiyoyozi. Akapanda. Juu alikuta chumba cha meza nane, madirisha mapana, hewa inapita, na mama mmoja wa makamo aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani, nyuma yake birika kubwa la shaba lisilo na mwenzake. Mtafsiri akainama kama kawaida yake. Chini ya kila meza kulikuwa na matundu mawili ya umeme. Kila meza!

"Umepoteza nini, kaka?" mama aliuliza.

"Sijapoteza, dada. Nimepata."

Mama Birika, maana ndivyo alivyomwita tangu siku hiyo, alimweleza kwamba zamani pale palikuwa darasa la kompyuta. Lilipohama, waya zilibaki, na mtandao ulibaki. Wanafunzi ndio walioondoka, pamoja na matumaini yake ya kuwauzia vitafunio. Mtafsiri alifanya kazi saa sita mfululizo bila kuguswa mkono. Jioni akapiga hesabu ya alama: arobaini na tisa. Moja aliikata kwa ajili ya ngazi.

Hakuzituma. Alijiambia atatuma kesho. Kesho yake kiti cha dirishani kilikuwa wazi na chumba kimya, akamaliza kitabu kizima cha jiko la umeme kabla ya saa nane, akajiambia atatuma wiki ijayo. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alijua watu wake. Wakiletwa pale, kufika Ijumaa angekuwa anagombea meza na wahasibu. Kizuri kula na nduguyo, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kutafuta meza yenye umeme mjini.

Pengine dhambi yake ingeishia kwenye kunyamaza, na kunyamaza tungemsamehe. Lakini kwenye kundi kulikuwa na msichana mwenye bidii waliyemwita Binti Takwimu, ambaye asubuhi moja aliandika: "Nimeona kibao cha mkahawa juu ya duka la miwani. Kuna aliyefika? Nataka nijaribu kesho."

Mtafsiri alisoma akiwa amekaa palepale juu ya duka la miwani, chai mkononi. Vidole vyake, ambavyo kwa miaka kumi na moja havikuwahi kuandika neno lisilo sahihi kuhusu hata pasi, vikaandika haraka kuliko akili: "Nimefika. Kiti mbili. Umeme moja, soketi imelegea. Mtandao moja. Utulivu sifuri, nyuma ya ukuta kuna mashine ya kukata vyuma. Choo, tusiongee. Jumla nne, na hizo nne ni huruma."

Binti Takwimu akashukuru. Wengine kumi na saba wakashukuru. Mama Birika akaja na birika, akamwongezea chai bila kuombwa.

"Kazi inakwenda, kaka?"

"Inakwenda," alisema, na hakumwangalia usoni.

Miezi miwili ikapita kwa raha. Aibu ilimtembelea siku za kwanza, kisha ikapunguza safari. Akajifariji kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mkahawa mzuri kama ule hauwezi kuangushwa na mtu mmoja mwenye simu. Wateja walikuwa wachache, kweli: fundi wa miwani, karani mmoja wa benki, yeye. Yeye aliona utulivu tu. Hakujiuliza utulivu ule unamlisha nani.

Jumatatu moja Mama Birika alivuta kiti na kukaa mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kaka, nakwambia wewe kwanza kwa sababu umekuwa mwenyeji hapa. Mwisho wa mwezi nafunga. Dada yangu ana duka la vitambaa, ananihitaji."

"Unafunga? Kwa nini, dada?"

"Watu hawapandi. Zamani walau walichungulia, hao wenye mikoba ya kompyuta. Nikasema hawa ndio wateja wangu, nafasi inawafaa. Sasa hata kuchungulia hawachungulii. Halafu kuna kitu sikielewi. Juzi kijana mmoja aliishia pale mlangoni, akaniuliza mashine ya kukata vyuma huzimwa saa ngapi. Nikamwambia mashine gani? Akacheka, akaondoka. Mwenzio sikulala. Nikaenda kwa fundi wa miwani kumuuliza kama ana mashine. Akanionyesha bisibisi, ndogo kama sindano. Mwingine akauliza kuhusu choo. Nikakisugua mara mbili siku ile, nikanunua na taulo mpya. Nini kibaya na choo changu, kaka? Wewe unakitumia. Niambie ukweli."

Akilini Mtafsiri alimwona yule mama akisugua choo kisicho na uchafu, kwa ajili ya sentensi aliyoiandika yeye kwa dakika moja, akalemewa na aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alisema choo ni kizuri. Alisema hivyo tu, akafunga kompyuta, akakimbilia nyumbani.

Alimweleza mkewe yote. Mkewe alikuwa na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja na kuzichoma kwenye kimto chake kabla ya kujibu.

"Kwa hiyo umemshonea mtu sanda naye yu hai, na kila siku unakwenda kunywa chai yake."

"Sikufikiria ingefika huku."

"Ulifikiria sana. Ulifikiria kiti." Akaanza kukunja kitambaa. "Leo utaandika ukweli kwa wenzako. Na kesho utamwambia yeye kwa mdomo wako. Ukiandika tu bila kumwambia, hapo umejificha."

"Atanifukuza."

"Atakufukuza. Nenda ukafukuzwe."

Akaandika. Ilimchukua muda mrefu kuliko kitabu cha friji. Aliweka alama za kweli, arobaini na tisa, akaeleza kwamba za kwanza alizitunga ili abaki peke yake, akaomba radhi kwa jina lake la kazi na la utani. Njia ya mwongo ni fupi, na wenzake hawakumwonea haya. "Soketi imepigwa shoti," aliandika mmoja. "Kumbe mashine ya kukata vyuma ni mdomo wako," aliandika mwingine. Binti Takwimu hakutania. Alipendekeza Bwana Soketi asitoe alama tena, kura zikapigwa, na jioni ile mwanzilishi wa Kiti na Umeme akawa msomaji wa kawaida. Ilimuuma sana, lakini alijua ilikuwa sawa.

Asubuhi alipanda ngazi, hakukaa, akamwambia Mama Birika kila kitu akiwa amesimama. Mashine. Choo. Zile alama nne. Mama alisikiliza akifuta kikombe kimoja kwa muda mrefu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mwishowe, taratibu. "Na mimi nilikuwa nakuongezea chai."

"Dada, nisamehe."

"Leo siwezi. Ondoka, kaka. Usije kesho."

Akaondoka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mkahawa mwingine, wa viti vya plastiki, spika juu ya mlango na mashine ya kusaga matunda iliyonguruma kila dakika. Alikaa huko kwa sababu kutoka pale aliiona ile ngazi. Siku ya kwanza hakupanda mtu. Ya pili wakapanda wawili, na hawakushuka hadi jioni. Ya tatu akamwona msichana na mkoba mgongoni, anatazama kibao, anapiga picha, anapanda. Wiki ilipoisha watu walikuwa wanapishana kwenye ngazi kwa ubavu. Mtafsiri alitafsiri kurasa mbili kwa siku, kichwa kikimwuma kwa muziki, na kila mkoba uliopanda ulimfurahisha. Ulimtia wivu pia, hilo hakulificha. Kiti cha dirishani kilikuwa na mtu, alikiona kutoka chini.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, saa tano asubuhi, kivuli kiliangukia meza yake. Mama Birika, aproni imelowa, kitambaa cha kijani kimekwenda upande.

"Inuka," alisema.

"Dada? Kuna nini?"

"Vikombe. Vimejaa makarai mawili na niko peke yangu. Nimempigia dada yangu kumwambia siendi tena, atafute mtu mwingine, na wakati nazungumza naye wameingia wengine watano."

Mtafsiri aliinuka haraka hadi kiti cha plastiki kikaanguka. Akaanza kukusanya waya. "Nitakaa wapi? Kama jikoni, kuna mvuke, na kompyuta haitakiwi kukaa karibu na..."

"Nani kakwambia uje na kompyuta?"

Akaiacha kwa fundi wa miwani. Juu, meza zote nane zilijaa, wengine wamekaa wawili wawili, na kelele za vidole kwenye herufi zilikuwa kama mvua ndogo. Hakuna mwanakundi aliyemjua kwa sura. Alipita kati yao hadi kwenye sinki, akakunja mikono ya shati, akaingiza vikombe vya kwanza kwenye povu. Nyuma yake alimsikia Mama Birika akipiga kijiko kwenye birika hadi vidole vyote vikasimama.

"Jamani wateja wangu! Yule wenu wa mashine ya kukata vyuma huyu hapa. Akimaliza vikombe, mwenye swali lake amuulize."

Kisha Binti Takwimu, kwenye kiti cha dirishani, akaangua kicheko, na chumba kizima kikamfuata, hata karani wa benki ambaye hakujua kinachochekwa. Mtafsiri aligeuka, povu linamtiririka viwikoni, akacheka nao hadi machozi yakamtoka. Mama Birika alikuwa bado hajacheka. Alimwekea kikombe cha chai ya moto kando ya sinki, akarudi kuhudumia watu.