Mifuko Mitupu ya Bwana Fagio

Umande haujakauka, na mlinzi wa msitu amepiga magoti chini ya mti alioupanda mwenyewe. Anafukua kwa vidole, anachomoa mfuko mdogo wa wavu, anauinua kwenye mwanga, anautikisa.

"Hakuna kitu!" anapiga kelele. "Mama, njoo uone, hakuna kitu kabisa!"

Mkewe, aliyemletea chai kwenye chupa, anacheka hadi anaegemea mti. "Mwanamume mzima anashangilia mfuko mtupu. Makubwa haya!"

Ana haki ya kushangilia. Mfuko huo ulizikwa ukiwa umejaa majani makavu. Yote yameliwa.

Hapa palikuwa shimo la kokoto. Wachimbaji walipoondoka waliacha mawe na vumbi, na yeye, mponda kokoto wa humo humo, akapewa kazi ya kupanda miti na kuilinda. Miti ikashika, ikarefuka, kisha ikaanza kuwa manjano. Kamati ya ardhi ya kijiji, iliyompa kazi hiyo, haikumung'unya maneno: msitu ukishindwa kujilisha, shimo linarudi kwa wachimbaji.

"Nililia," anasema bila aibu. "Ile miti ni jasho langu."

Afisa misitu, mwanamama mpole, alikuja kupima udongo. Alizika mifuko ya majani, akairudia baada ya mvua. Wapi! Majani yalikuwa vile vile, makavu kama karatasi. Udongo haukuwa na uhai wa kuyala. Ndipo alipoliona fagio kubwa limeegemea kibanda.

"Baba, hili unafagilia wapi?"

"Msituni. Kila asubuhi nafagia, nachoma, panang'aa!"

Afisa alishika kichwa. Majani hayo, akamweleza, ndiyo chakula cha miti. Jongoo na mchwa huyatafuna, ukungu huyaozesha, na mizizi hupata riziki yake humo. Masikini, mwenzetu alikuwa anachoma chakula cha wanawe, halafu anashangaa mbona wamekonda!

Kuacha kulimtesa. Mikono ilimwasha kila alipoona jani chini, na majirani, waliomwita Bwana Fagio kwa usafi wake, sasa walimwita mvivu.

"Mke wangu alilificha fagio uvunguni, la sivyo ningelirudia," anasema. Badala yake alipita nyumba kwa nyumba na magunia, akiomba takataka za miti kutoka kwa hao hao waliomcheka, akazimwaga msituni. Polepole uyoga ukachomoza. Nyungunyungu wakarudi. Majani mapya yakatoka, ya kijani kibichi. Afisa akazika mifuko mingine, akaifukua baada ya mvua akaikuta mitupu, akaipeleka kwa kamati; huu wa leo ndio wa mwisho.

Simu inalia. Ni afisa. Mlinzi anasikiliza, anakaa chini puu, machozi yanamtoka.

"Kamati imekubali," anamwambia mkewe. "Msitu ni msitu. Hakuna wa kuugusa."

Mkewe anamkumbatia, chai inamwagika, hakuna anayejali.

Wiki chache baadaye anaomba shimo la pili, lililo jirani, na kamati inampa. Mche wa kwanza tayari umesimama humo, umefungwa kwenye mpini wa lile fagio la zamani. Vijiti vya fagio amevitawanya chini yake.

"Navyo vioze," anasema.