Jiwe la Nzaui na Udongo wa Edeni

Siku ninayoikumbuka, binti yangu, ilikuwa Jumapili, na mchungaji alikuwa amekuja kula kwetu. Juzi uliponiuliza nje ya kanisa kama mtu anaweza kuishika Biblia na bado akubali yale mnayofundishwa chuoni kuhusu viumbe kubadilika polepole, nilikuambia nipe muda kidogo. Sikuwa nakukwepa. Mimi pia niliulizwa swali hilo nikiwa mdogo kuliko wewe, na jibu langu lilikaribia kunitoa shuleni.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nyumbani kwetu ni kule Makueni, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi unauona mlima wa Nzaui umekaa mbele yako. Nilikuwa nasoma sekondari ya wasichana huku Kitui, mbali sana kwa siku zile, na nilikuwa nimekuja likizo. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti moja na msimamo mmoja. Mimi ndiye binti yake wa kwanza, kwa hivyo nilipewa jina la mama yake, Mumbua, kama desturi yetu Wakamba inavyotaka. Na kwa sababu hiyo baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita "mwaitu", yaani mama. Hebu fikiria mwanamume mzima, sauti nzito, akimwita mtoto mwenye kamasi mama yake! Nilikuwa naringa nalo hilo jina kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa.

Basi siku hiyo tulikuwa tunakula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na kuku. Mchungaji, mtu mpole, akaniuliza tunasoma nini siku hizi. Nami, kwa vile ulimi hauna mfupa, nikaeleza. Nikasema kwenye biolojia tumefundishwa kwamba viumbe hai vimebadilika kidogo kidogo kwa miaka mingi isiyohesabika, kwamba mifupa ya zamani imo ndani ya mawe, na kwamba hata sisi binadamu tumo katika ukoo huo mrefu.

Baba akaacha kutafuna.

"Kwa hivyo babu yangu alikuwa nyani?"

"Si nyani, baba. Mwalimu anasema nyani na sisi tuna—"

"Mumbua," akasema. "Hiyo shule imekwisha. Hurudi huko."

Mchungaji akatazama sahani yake, kisha akasema tuombe. Mama alilia jikoni na hakuthubutu kusema kitu. Lakini nikuambie ukweli, mwanangu, kilichonichoma zaidi si shule. Ni lile jina. Baba alikuwa ameniita Mumbua, kama mtu anayeita mtoto wa jirani.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba baba ana haki. Nilikuwa nimeokoka, na si kwa kufuata wenzangu. Nilimpenda Yesu kwa moyo wangu wote, na kwenye kwaya ya kanisa nilikuwa naimba sauti ya pili. Sasa nikajiona kama mtu aliyeambiwa achague kati ya macho yake na moyo wake. Nilipiga magoti nikashindwa kuomba. Niliona aibu mbele za Mungu kwa kujua kitu, kana kwamba nimekiiba.

Asubuhi yake nyanya, yule Mumbua mkubwa, alisikia. Kwetu nyanya tunamwita susu. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja, na hakuna neno lililosemwa kwetu likakosa kufika kwake. Akanituma nimwite baba. Baba akaja, kofia mkononi, akaketi kwenye kigoda kifupi magoti yakimfika kidevuni. Mzee wa kanisa huyo! Nilipotaka kutoka, susu akaniambia, "Kaa. Haya ni yako pia."

Akamgeukia baba. "Ulipokuwa mtoto, nilikuambia watu wa kwanza walitoka wapi?"

Baba akakohoa. "Mwaitu, hayo ni mambo ya zamani."

"Nimekuuliza."

"Ulisema Ngai aliwashusha juu ya jiwe la Nzaui. Mwanamume na mke wake, na ng'ombe wao. Na nyayo zao ziko hapo kwenye jiwe."

"Nilikupeleka ukaziona?"

"Ulinipeleka."

"Halafu ukaenda kwa wamisheni kusoma. Ukarudi ukaniambia nini?"

Baba akaigeuza kofia mkononi. Susu akamjibia. "Ulirudi ukacheka. Ukasema jiwe langu ni uongo, ati watu walitoka kwa udongo, kwa shamba linaitwa Edeni, mahali sisi hatujui hata njia yake. Baba yako akasema shule imekwisha, urudi kwa ng'ombe. Nani alimkataza?"

"Ni wewe, mwaitu."

"Na mimi nilikuwa najua unaenda wapi? Sikujua chochote. Lakini mtoto nilikuwa nimemlea mwenyewe, nikasema ngoja nione. Nikangoja. Ukarudi ukanishika mkono ukanipeleka kanisani, na leo nimebatizwa na ninaimba. Sasa niambie wewe unayesoma. Ngai niliyemwomba mvua hapa Nzaui, na huyu wa Edeni, ni wawili?"

"Ni mmoja," baba akasema polepole.

"Basi sikiza. Mimi nilipoteza jiwe, sikumpoteza Mungu. Wewe unaogopa nini?"

Nilitamani kupiga makofi. Uso wangu lazima ulionyesha, kwa sababu susu alinigeukia mimi kwa ukali uleule. "Na wewe usifurahi. Jana uliongea kama mtu aliyezaliwa akijua. Baba yako alicheka jiwe langu, na iliniuma miaka mingi. Ukimcheka yeye kwa sababu ya udongo wake, siku moja utazaa mtu wa kukucheka." Kisha akanivuta karibu, akanitemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee wetu wa zamani. Baba akageuza uso ukutani, kama mtu ambaye hajaona.

Baba alichukua jembe akaenda kurekebisha matuta ya shamba, na siku zilizobaki za likizo alizungumza na mbuzi zaidi kuliko na sisi. Mimi nilikunja nguo zangu nikazikunjua, nikazikunja tena. Siku ya kufungua shule ikafika. Niliamka nikasikia mlio wa bati. Baba alikuwa ameinua sanduku langu begani, yuko tayari mlangoni.

"Haya, mwaitu," akasema. "Gari halingoji mtu."

Tukatembea hadi barabarani tukapata gari la kwenda Emali. Hapo stendi ya Emali, kati ya malori na wauza ndizi, akaniambia, "Soma hiyo mifupa yote. Lakini swali likikushinda, niletee mimi kwanza. Usimpelekee mchungaji, atashindwa kula." Nilicheka huku nalia.

Nilisoma, nikawa mwalimu wa biolojia huku Kitui, na sauti yangu ya pili sikuiacha hadi ilipoanza kukwaruza. Maswali nilimpelekea baba, naye alikuwa na yake. Siku moja aliniuliza, "Hiyo miaka mingi yote mnayosema, Mungu alikuwa anafanya nini?" Nikamwambia, "Alikuwa anaumba, baba." Uzeeni baba alipokuwa akifundisha watoto wa shule ya Jumapili na mmoja akiuliza habari za nyani, alikuwa anasema, "Mungu ndiye aliyeumba. Alichukua muda gani, muulizeni mwaitu."

Kwa hivyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiache biolojia kwa kumwogopa Mungu, wala usiache kanisa kwa kuwaogopa wenzako wa chuo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nikisoma Mwanzo najua mimi ni wa nani. Nikisoma mawe na mifupa najua nimepitishwa wapi. Kuna mahali bado sielewi, na nimezeeka nako kutoelewa huko bila kukosa usingizi. Na ukirudi nyumbani na elimu yako, usimcheke kwa imani yake yule aliyekulipia njia. Keti naye, mweleze taratibu, umwachie nafasi ya kunyamaza. Haraka haraka haina baraka, na Mungu mwenyewe, kwa ninavyoona, hakuwa na haraka.

Yeye aliyesikia maombi ya mvua pale Nzaui kabla kengele ya kanisa haijapigwa, akutangulie darasani, akukute kanisani, akupe mtu wa kukubebea sanduku. Njoo karibu nikubariki kama nilivyobarikiwa, na kama kuna mzee wa kanisa hapa, ageuze uso.

Sasa nenda, mwaitu. Gari halingoji mtu.