Neno Ambalo Bwana Hakulisema

Wilhelmina, au Mama Noela kama mtaa mzima wa Singe ulivyomwita, aliingia Babati pamoja na mumewe siku zile mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha. Mumewe, Aminiel, alikuwa karani aliyehamishiwa kwenye ofisi mpya za mkoa. Walipata kiwanja Singe, wakainua nyumba ya matofali ya kuchoma, na Wilhelmina akaweka cherehani yake barazani. Haukupita muda mrefu akawa mtu wa kujulikana, ila si kwa ushonaji. Alijulikana kwa kuomba.

Kipawa alikuwa nacho, hilo hakuna aliyelikana. Akisimama kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba na kufumba macho, maneno yalimtoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa kule kwao Machame. Watu walilia. Wagonjwa walimwita kabla ya kumwita mchungaji. Na kadiri walivyomwita, ndivyo alivyozidi kuwapa walichokitaka. Mwanzoni alikuwa akisema, tumwombe Bwana atuongoze. Baadaye akawa anasema anasikia moyoni kwamba Bwana anaongoza. Mwishowe akawa anasema tu, Bwana ameniambia. Aliwaambia watu wasisafiri, wakaghairi safari. Alimwambia binti mmoja wa usharika akatae posa, akaikataa. Hakuwa mwongo wa kukusudia. Alikuwa ameizoea sauti yake mwenyewe hata hakujua tena ilikuwa inaishia wapi, na ya Mungu inaanzia wapi.

Mwaka uliofuata waliamua kuchimba kisima, maana maji ya bomba yalikuwa yakija kwa kusuasua. Aminiel akawatafuta Paskasi na mdogo wake Marcelino, wakulima wa Mutuka, watu wa asili ya Mbulu waliochimba visima kila kazi za shamba zilipopungua. Paskasi ndiye aliyeshuka chini na sururu, na Marcelino ndiye aliyevuta ndoo za udongo juu. Mchana mke wa Paskasi, Ursula, aliwaletea chakula.

Kazi ilikwenda vizuri. Shimo lilikuwa limeshapita kina cha urefu wa nyumba, na udongo uliotoka ulikuwa umeanza kuwa na unyevu, mvua kubwa iliposhuka kutoka upande wa mlima Kwaraa. Asubuhi yake Paskasi alipofika, hakugusa sururu. Alichuchumaa ukingoni, akachukua bonge la udongo, akalivunja mkononi taratibu. Kisha akamwambia Wilhelmina kwamba udongo umekunywa maji mengi, na kwamba ni heri wangoje jua lipige, wajengee kuta kwanza, ndipo ashuke tena.

Wilhelmina hakutaka kungoja. Alikuwa amewaalika akina mama wa usharika waje Jumapili baada ya ibada, na mchungaji alikuwa ameahidi kuja kuyabariki maji. Aliwaza wageni wote wale wamezunguka shimo kavu, akaona aibu ikimjia usoni kabla hata ya siku yenyewe. Akafumba macho pale pale ukingoni, akainua mkono kidogo, akafumbua.

"Baba Coletha," alimwambia Paskasi, "jambo hili nimeliombea. Bwana ameniambia mchimbe. Hakuna baya litakalokupata."

Paskasi alimtazama. Alikuwa Mkatoliki mkimya, mtu wa kuvua kofia anapopita mbele ya kanisa hata kama milango imefungwa. Hakuzoea kusikia jina la Mungu likitajwa kwa wepesi, na kwa sababu hiyo hiyo aliamini kwamba mtu anayelitaja namna ile lazima awe na hakika. Marcelino alitaka kusema neno, lakini kaka yake alikwishavua viatu. Akajishika kwenye kamba, akashuka.

Wilhelmina alikuwa amerudi kwenye cherehani yake aliposikia. Haukuwa mshindo mkubwa. Ulikuwa mzito na wa chini, kama gunia la mahindi lililodondoka chumba cha pili. Halafu ikaja sauti ya Marcelino akiliita jina la kaka yake, akiliita tena, na shimoni hakujibu mtu.

Watu walijaa uwanjani kwa haraka, wanaume na machepe yao, wanawake na vitoto mgongoni. Marcelino aliwafukuza wasikaribie, maana kila hatua ukingoni iliangusha udongo mwingine. Upande mmoja wa shimo ulikuwa umeporomoka wote na kumfukia Paskasi, na hakuna aliyejua kama amefunikwa kidogo au sana, wala amelala upande gani. Aminiel alikuja mbio kutoka ofisini, tai ikiwa bado shingoni, akaanza kung'oa kwa mikono yake mbao za banda la jiko ili zikazuie kuta zisianguke zaidi. Marcelino akajifunga kamba kiunoni, akateremshwa, akaanza kuchimbua.

Ndipo mtu akasema, Mama Noela aombe. Wengine wakaitikia. Jirani akamshika mkono, akamvuta mbele.

Mwili ulimwambia akatae. Alijua alichokisema asubuhi, na Marcelino alikuwa amekisikia. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na mdomo ulifunguka kama ulivyozoea. Akaikemea mauti. Akauamuru udongo. Akamkumbusha Mungu ahadi zake moja baada ya nyingine, kama mtu anayemdai. Watu wakaanza kuitikia kwa nguvu, wengine wakapiga makofi, wengine wakaanza kuomba kila mmoja kwa sauti yake, na uwanja ukavuma. Wilhelmina aligundua kwamba kadiri alivyopaza sauti, ndivyo alivyosikia kidogo kile kilichokuwa kikimsema ndani. Basi akazidi kupaza.

Shimoni Marcelino aliinua mkono. Akapunga. Akapiga kelele watu wanyamaze, sauti yake ikamezwa na zile za juu. Waliokuwa wanashika kamba walimwona lakini hawakuelewa, na wengine wote walikuwa wamefumba macho.

Aliyeelewa alikuwa Ursula. Alikuwa amekuja na kikapu cha chakula kama siku zote, akawakuta watu, na tangu hapo alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kando ya wengine, rozari kiganjani, midomo haichezi. Aliinuka. Akapita katikati ya watu mpaka alipokuwa Wilhelmina, akamwekea kiganja mdomoni, kwa upole, kama mama anavyomziba mtoto anayeongea kanisani.

"Mama Noela, nyamaza," alisema. "Mume wangu anaita."

Kimya kilienea kutoka kwao wawili kama maji yanavyoenea sakafuni, mpaka aliyekuwa mbali kabisa na shimo akafumba mdomo. Na katika kimya kile wakasikia. Chini, mbali, kitu kilikuwa kikigonga bati la ndoo. Kiligonga, kikakaa, kikagonga tena, dhaifu zaidi.

Marcelino alilaza sikio kwenye udongo, akahama, akalilaza tena. Kisha akainua uso, na waliokuwa karibu waliona umebadilika rangi. Alikuwa anachimbua upande usio sahihi. Mahali aliposimama kwa uzito wake wote palikuwa juu ya kifua cha kaka yake.

Kuanzia hapo hakuna aliyesema. Marcelino alichimbua kwa mikono na sahani ya bati, ndoo zikapanda, mbao zikashuka. Wilhelmina alipiga magoti kwenye tope karibu na Ursula. Alitaka kuomba, na kwa mara ya kwanza tangu utoto maneno hayakuja. Akashika yale ambayo hata mtoto wa kipaimara anayajua. Baba yetu uliye mbinguni. Jina lako litukuzwe.

Hapo akakwama.

Miaka yote alikuwa akiyaruka maneno yale upesi ili afike kwenye mahitaji. Sasa hayakumruhusu apite. Jina lako. Alikuwa amelichukua jina lile asubuhi akamswagia nalo mtu shimoni, kama fimbo, kwa sababu ya wageni wa Jumapili. Alijaribu kusonga mbele, ufalme wako uje, akashindwa. Hakuomba chochote. Alikaa tu pale, kichwa chini, akiogopa. Hakuwa anamwogopa Marcelino, wala watu. Alimwogopa yule ambaye alikuwa akimsemea, na ambaye hakuwahi kumngoja ajibu.

Kitu kikalia shimoni. Ubao ulipinda, udongo ukateleza, na wanaume wakavuta kamba kwa pamoja wakamtoa Marcelino juu akiwa ametapakaa tope. Mzee mmoja akamwambia asirudi, mama yao asije akazika wawili. Marcelino alifunga kamba upya, akatazama mbao zikitulia, akashuka.

Walimtoa Paskasi jua likiwa limeegemea upande wa ziwa la Babati. Alikuwa na rangi ya udongo mwili mzima, isipokuwa macho. Ndoo ilikuwa imemwangukia mbele ya uso ikamwachia nafasi ndogo ya pumzi. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Alipolazwa kwenye pikapu ya jirani kupelekwa hospitali, Ursula alipanda naye bila kumtazama mtu.

Kabla ya kesho yake kuisha, mji ulikuwa na habari. Sokoni walisema maombi ya Mama Noela yametoa mtu kaburini. Waliokuja kushona walimshika mikono. Wilhelmina alitabasamu, na kila alipotabasamu alihisi kama anameza kitu kigumu. Mwinjilisti wa usharika, Jesse, alikuja kumwambia kwamba Jumapili atapewa nafasi ya kutoa ushuhuda, na akamkubalia.

Jumamosi alikwenda hospitali na uji kwenye chupa. Ursula alikuwa ameketi kando ya kitanda. Walisalimiana kwa heshima, kisha Paskasi mwenyewe akaanza.

"Mama Noela, nina swali," alisema. Sauti yake ilikuwa bado inakwaruza. "Nilishuka kwa sababu ulisema Mungu amesema. Nilipokuwa chini ya udongo nilimuuliza, kama ulisema, mbona umenifanyia hivi? Sikupata jibu. Mpaka leo namuuliza. Sasa nakuuliza wewe. Alisema?"

Ilikuwa rahisi kusema kwamba njia za Bwana hazichunguziki. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini, yenye kufaa. Wilhelmina alimtazama Ursula, ambaye hakuwa amekunja uso wala kuukunjua, alikuwa anangoja tu kama mumewe.

"Hapana," alisema. "Bwana hakusema. Nilisema mimi. Nilitaka maji kabla ya Jumapili."

Paskasi aligeuza uso ukutani. Wilhelmina akaona mabega yake yakitikisika, akadhani ni hasira. Alipogeuka, macho yalikuwa na machozi.

"Basi afadhali," alisema. "Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba Mungu hudanganya watu. Nilikuwa siwezi tena kusali."

Wilhelmina alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi, akaomba msamaha. Paskasi alisema amesamehe. Ursula hakusema. Alichukua chupa ya uji, akammiminia mumewe kikombe, na alipomwona mgeni anasimama kuondoka alimwambia tu, kwa Kiswahili chake cha milimani, kwamba mtu akitoka mbele za mfalme hasemi ambalo mfalme hakumtuma.

Jumapili kanisa lilijaa. Jesse alimkaribisha mbele kwa furaha, na watu wakapiga vigelegele kabla hajafungua mdomo. Wilhelmina alisimama akisubiri wanyamaze. Akawaeleza yaliyotokea yote: mvua, udongo, wageni aliowaalika, na neno alilomtwisha Mungu. Akasema kwamba wakati yeye anaomba kwa kelele, mtu aliyefukiwa alikuwa anagonga, na kelele zake yeye ndizo zilizomziba. Akasema aliyemtoa Paskasi ni Mungu, kwa mikono ya Marcelino, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa karibu kumuua mara mbili.

Hakuna aliyesema amina. Halafu mama mmoja wa benchi za katikati akasimama, taratibu, akiwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. Alikuwa mama wa yule binti aliyekataa posa. Kijana aliyeposa alikuwa ameshaoa kwingine.

"Na lile la mwanangu?" aliuliza. "Nalo ulisema wewe?"

Wilhelmina alisema ndiyo. Yule mama akatoka, na wengine wawili watatu wakamfuata. Mchungaji aliteremka kutoka mahali pake, akapiga magoti mbele ya madhabahu akiwa ameupa usharika mgongo, na kanisa zima likapiga magoti. Hakuna aliyeongoza sala. Walikaa hivyo mpaka watoto wakaanza kuhangaika.

Toka siku ile Wilhelmina hakuitwa tena kama zamani. Wengine walisema amepoa, wengine kwamba Roho amemwacha, na kikundi chake cha maombi kikabaki na watu wa kuhesabika. Msimu wa palizi yeye na Aminiel walikuwa wakienda Mutuka na majembe, wakilima mistari ya Paskasi, kwa maana mguu ulipona vibaya na kazi ya visima aliiacha kabisa. Ursula alilima mbele yao. Ilipita muda mrefu kabla hajaanza kuzungumza na Wilhelmina kama jirani.

Nyumbani Wilhelmina alikuwa akiamka alfajiri, akapiga magoti kando ya kitanda, akakaa kimya kabla ya neno lolote, kimya kirefu, kama mtu aliyebisha hodi na anangoja kukaribishwa. Akishaanza, alikwenda polepole. Siku nyingine hakuvuka jina lako litukuzwe.

Aminiel, aliyezoea kuamshwa na sauti yake, asubuhi moja aliamshwa na kutoisikia. Akauliza gizani kama anaumwa. Alimjibu kwamba haumwi, anasali. Mumewe akavuta shuka pembeni, akashuka kitandani na kupiga magoti karibu naye bila kuuliza tena.